Kuchagua pikapu kubwa Marekani: anza na kazi yako na stika ya mlangoni, nembo baadaye

Swali ambalo ndugu zetu huku Ohio wanauliza sana ni hili, "ninunue Ford, Chevy, Ram au Toyota?" na mimi siku zote nawarudishia swali, unaenda kubeba nini na kuvuta nini? Manake pikapu kubwa za huku, yaani F-150, Silverado 1500, GMC Sierra 1500, Ram 1500 na Tundra, zote zinapiga kazi, lakini mbili zenye nembo ile ile na mwaka ule ule zinaweza kupishana uwezo wa kubeba kwa zaidi ya paundi 600, na aliyenunua kwa kuangalia nembo hajui hilo mpaka siku trela inapoanza kumyumbisha akiwa spidi 65. Kwa hiyo tuende hatua kwa hatua, kuanzia kazi mpaka kusaini karatasi, na nitakaa sana kwenye uzito na kwenye ukaguzi wa gari lililotumika kwa sababu hapo ndipo hela za watu zinapoteketea.

Jambo moja kwanza kwa waliozoea Hilux nyumbani. Hilux haiuzwi Marekani, ndugu yake wa huku ni Tacoma iliyoanza 1995, na Tacoma yenyewe inahesabika saizi ya kati. Tangu 1964 kuna ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu nyingi zinazotoka nje, ndio maana hata Toyota wanaunda Tundra hapo San Antonio, Texas, badala ya kuileta kwa meli. Sasa pikapu kubwa ya huku ni mnyama mwingine, dabo kebini ya kawaida ina urefu wa karibu mita 5.9 na upana wa mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni.

Hatua ya 1: Andika kazi ya gari kwenye karatasi

Usiende kwa dila bila karatasi hii. Andika watu wangapi watapanda kila siku na wana uzito gani, vifaa gani vinakaa ndani ya gari muda wote, trela ya uzito gani ikiwa imejaa, maili ngapi kwa mwaka, barabara zina theluji au hazina, na gari litalala wapi. Mtu wa kukata majani na kufyeka theluji anahitaji gari tofauti na mtu wa kupaka rangi nyumba, na wote wawili ni tofauti na yule anayetaka kuingia biashara ya kusafirisha magari kutoka mnadani.

Ukishaandika utagundua kitu, wengi wetu kazi yetu ya kweli ni kubeba familia na vifaa siku tano na kuvuta trela mara moja moja, lakini tunanunua kana kwamba tunavuta trela kila siku, au kinyume chake, mtu anavuta kila siku halafu amenunua kwa ajili ya viti vya ngozi.

Hatua ya 2: Jua daraja lako

Huku pikapu zinaitwa nusu tani, robo tatu tani na tani moja. Nusu tani ni zile za 150 na 1500, robo tatu ni 250 na 2500, tani ni 350 na 3500. Hayo majina ni ya zamani sana, hayana uhusiano na uwezo wa leo, F-150 nyingi zinabeba zaidi ya nusu tani, kwa hiyo usipige hesabu kwa jina.

Kwa mwendo wa kila siku, trela ya mpaka paundi 6,000 hivi, na familia, nusu tani inatosha vizuri. Ukianza kuvuta paundi 9,000 au 10,000 mara kwa mara, au unabeba mawe, mchanga, vigae na saruji nyuma kila wiki, nenda 2500 moja kwa moja, ekseli yake, breki zake na chesisi yake vimejengwa kwa hiyo kazi. Watu wanaogopa 2500 kwa sababu inarusha ikiwa tupu na inakula mafuta, ni kweli, lakini nusu tani inayopigishwa kazi ya 2500 inamaliza breki na giaboksi mapema na bili utalipa tu.

Na hapa kuna sheria ambayo wengi wanaijua siku wakisimamishwa. Ukifanya biashara ya kuvuka jimbo na uzito uliokadiriwa wa gari pamoja na trela ukafika paundi 10,001, unatakiwa kuwa na namba ya USDOT, yaani ya usajili wa wizara ya uchukuzi, na cheti cha afya cha dereva. Angalia hesabu, pikapu yenye GVWR (uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ikiwa imejaa) ya 7,000 ukiifunga trela yenye GVWR ya 7,000 tayari umefika 14,000, hata kama trela iko tupu, manake wanaangalia namba iliyoandikwa kwenye bamba. Jumla ikifika 26,001 na trela yenyewe ikiwa zaidi ya 10,000, hapo unahitaji leseni ya CDL, ile ya udereva wa biashara, daraja A. Majimbo mengi yana sheria zinazofanana na hizi hata ukiwa huvuki mpaka, kwa hiyo uliza jimbo lako kabla hujanunua trela. Na bima ya kawaida ya familia usiitegemee ukiwa kazini, mwambie wakala ukweli kwamba gari ni la biashara, la sivyo siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa.

Hatua ya 3: Fungua mlango wa dereva usome stika

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata kama umeshapenda gari. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango, kuna stika mbili. Moja ina GVWR, yaani uzito wa juu kabisa wa gari likiwa na kila kitu ndani, pamoja na GAWR ya mbele na ya nyuma, huo ni uwezo wa kila ekseli. Nyingine ni ile ya matairi, ina maandishi yanayoanza na "The combined weight of occupants and cargo should never exceed" halafu inafuata namba. Namba hiyo ndiyo uzito ambao gari hilo, hilo hilo lililo mbele yako, linaruhusiwa kubeba, ukijumlisha watu, mizigo na kile trela inachokandamiza kwa nyuma.

Matangazo ya tivii yanakuambia "inavuta paundi 11,000" au 13,000. Namba hiyo ni ya gari moja lililopangwa vizuri kwenye karatasi, injini fulani, difu fulani, kebini fulani. Kwenye nusu tani kinachoisha kwanza karibu kila mara ni uwezo wa kubeba, uwezo wa kuvuta unakuwa bado upo. Trela ya kawaida inatakiwa ikandamize ndoano kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake, ikikandamiza chini ya hapo inaanza kuyumba kama mkia, na uzito huo wote unahesabiwa kama mzigo uliobebwa na gari.

Tupige hesabu ya kweli. Stika inasema 1,480. Baba ana paundi 200, mama 165, watoto watatu jumla 230, hapo ni 595. Boksi la vifaa na jenereta 160, tumefika 755. Kilichobaki ni 725. Sasa unafunga trela ya paundi 7,000, ambayo kwa tangazo ni kitu kidogo sana kwa gari la 11,000. Kwa asilimia 12 inakandamiza 840. Umeshazidisha paundi 115 na bado hujahesabu ile ndoano nzito ya kusawazisha uzito, wala kifuniko cha nyuma, wala ngazi za pembeni ulizofunga wiki ya kwanza. Injini itavuta vizuri tu na hutasikia kitu, lakini matairi ya nyuma, bearingi na breki ndivyo vinavyolia, na usukani wa mbele unakuwa mwepesi kwa sababu pua imenyanyuka.

Kitu kingine watu hawaamini mpaka waone, kadiri gari linavyokuwa la kifahari ndivyo linavyobeba kidogo. Kioo kikubwa cha paa, viti vya umeme, tairi za inchi 22, 4x4, kebini ndefu, vyote hivyo ni uzito, na vinatolewa kwenye hiyo hiyo GVWR. Ndio maana gari la kazi lenye viti vya kitambaa linaweza kubeba paundi 1,900 na kaka yake wa viti vya ngozi akabeba 1,350. Ram 1500 na Tundra mpya zina springi za koili nyuma, zinatembea kwa ulaini sana, wakati F-150 na Silverado zimebaki na springi za vyuma vilivyopangwa kama za lori. Mimi kwa mtu wa mizigo kila siku namwelekeza kwenye F-150 au Silverado ya daraja la kawaida, na kwa mtu wa safari ndefu na familia Ram ni raha zaidi, lakini stika ndiyo ya kusema mwisho.

Piga picha stika ya kila gari unaloenda kuangalia. Ukiwa na picha nne tano kwenye simu, uamuzi unakuwa rahisi sana usiku ukiwa nyumbani bila muuzaji kukupumulia shingoni.

Hatua ya 4: Kebini na bodi la nyuma

Majina ya kebini yanachanganya kwa makusudi au bila makusudi. Kwa Ford, SuperCab ni ya viti vya nyuma vya kubana na SuperCrew ni kubwa. Kwa Chevy na Toyota, Double Cab ndiyo NDOGO, kubwa zinaitwa Crew Cab na CrewMax. Kwa Ram, Quad Cab ndogo, Crew Cab kubwa. Sisi tuliozoea kusema dabo kebini tukimaanisha kubwa tunakosea hapo, mtu anaagiza gari la mbali mtandaoni likifika watoto hawatoshi. Ukiwa na watoto wa viti vya usalama, nenda navyo kwa dila uvifunge kabisa vyote, usikisie.

Bodi la nyuma lina saizi tatu, futi 5 na nusu, futi 6 na nusu, na futi 8. Plaiwudi na jipsamu bodi za huku ni futi 4 kwa 8, zinalala bapa katikati ya matao ya tairi kwenye hizi zote, ila kwenye futi 5 na nusu zinatokeza nje sana hata ukishusha mlango wa nyuma. Fundi ujenzi achukue 6 na nusu angalau. Kuna na sababu ya kodi, kwa wenye biashara iliyosajiliwa, punguzo la kodi la Section 179 kwa magari yenye GVWR ya zaidi ya paundi 6,000 lina kikomo kidogo kwa pikapu ambayo bodi lake kwa ndani halifiki futi 6, likifika futi 6 au zaidi hicho kikomo hakiligusi. Muulize mhasibu wako kabla hujanunua, sio mwezi wa nne ukiwa unafanya ritani.

Halafu chukua futi ukapime gereji yako. Gereji nyingi za nyumba za huku zina kina cha futi 20, ambazo ni mita 6.1, gari la mita 5.9 linaingia kwa kubahatisha na hupati nafasi ya kupita mbele. Ukiwa apatimenti, angalia kama wanaruhusu magari yenye maandishi ya biashara na trela, sehemu nyingine wanavuta gari usiku.

Hatua ya 5: Injini, difu, 4x4

Hapa nitasema ninachojua kwa kila moja, mazuri na mabaya.

F-150 ina 2.7 EcoBoost, turbo mbili, ndogo lakini ina nguvu kuliko watu wanavyodhani na kwa mtu wa kawaida ndiyo ningeichukua. 3.5 EcoBoost ni ya kuvuta, ila kwenye za 2017 mpaka 2020 sikiliza sana wakati wa kuwasha asubuhi, mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache ni dalili ya kem feza mbovu, zile gia zinazorekebisha mzunguko wa kemshafti, na kuzibadilisha ni kazi kubwa. 5.0 V8 haina turbo, wanaotaka usumbufu mdogo wanaipenda. Kuanzia 2021 kuna haibridi ya PowerBoost ambayo inaweza kutoa umeme mpaka kilowati 7.2 kwenye plagi za nyuma, fundi wa kuchomelea au wa kukata mbao anaachana kabisa na jenereta. Bodi zima la F-150 tangu 2015 ni alumini, haliozi kutu nyekundu, lakini chesisi chini ni chuma kama zingine zote.

Chevy na GMC zina 2.7 turbo ya silinda nne, 5.3 V8, 6.2 V8 na dizeli ya 3.0. Tatizo linalojulikana la 5.3 na 6.2 ni ule mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta, lifta, vile vinyanyua valvu, zinakwama, injini inaanza kugonga na kukosa silinda. Na 6.2 za 2021 mpaka 2024 ziliitwa na kiwanda mwaka 2025 zirudishwe kurekebishwa, karibu magari laki 6 Marekani pekee, kwa ajili ya kasoro za kiwandani kwenye kranki na konrodi. Ukikuta la miaka hiyo linauzwa, hakikisha kazi imefanyika na upewe karatasi yake. Dizeli ya 3.0 inakula kidogo sana kwenye safari ndefu, ila kwa mtu wa safari fupi fupi za dakika kumi usinunue dizeli yoyote ya kisasa, chujio la moshi halipati joto la kujisafisha, linaziba.

Ram ina 3.6 V6 ya kawaida, 5.7 Hemi, na kuanzia 2025 ile 3.0 Hurricane ya silinda sita mstari mmoja yenye turbo mbili. Hemi waliiondoa 2025 wakairudisha 2026 manake wateja walilalamika. Kwenye Hemi iliyotumika sikiliza mlio wa tik tik, ukipotea injini ikipata moto mara nyingi ni bolti za egzosti zimekatika, ambayo ni afadhali, ukiendelea hata ikiwa ya moto wasiwasi ni lifta na kemshafti.

Tundra mpaka 2021 ilikuwa na 5.7 V8, inakunywa mafuta kweli kweli lakini inafika maili laki 3 kwa matunzo ya kawaida, ndio maana bei yake haishuki. Kuanzia 2022 ni V6 ya turbo mbili, na mwaka 2024 Toyota waliita karibu magari laki moja ya 2022 na 2023, Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini. Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tukiona Toyota tunafumba macho.

Umeme tupu nitapita haraka, kwa kuzunguka mjini ni sawa, lakini ukifunga trela kubwa umbali unapungua karibu nusu, na vituo vingi vya kuchaji havijapangwa kwa gari lenye trela.

Difu, angalia uwiano wa gia zake, namba kama 3.21, 3.55, 3.73, 3.92. Kubwa inavuta vizuri zaidi, ndogo inaokoa mafuta. Kwa trela chagua namba kubwa. Hakikisha pia gari lina paketi ya kuvuta kutoka kiwandani, plagi ya pini 7, kidhibiti cha breki za trela ndani ya dashibodi, na upoozaji wa giaboksi, kuviongeza baadaye ni gharama.

4x4 kwa Texas au Florida ya mjini huihitaji sana. Kwa Ohio, Minnesota, Maine, ichukue, lakini jua kwamba 4H ya kawaida hairuhusiwi kwenye lami kavu, inafunga ekseli ya mbele na ya nyuma pamoja na kwenye kona vyuma vinapigana. Kama ina 4A, ile inayojiwasha na kujizima yenyewe, hiyo unaweza kuiacha siku ya theluji ya vipande vipande. Na breki haijui 4x4, kinachosimamisha gari kwenye barafu ni tairi, tafuta zenye alama ya mlima na chembe ya theluji.

Hatua ya 6: Kukagua lililotumika

Wengi tunanunua lililotumika, na hapa ndipo mtu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua VIN, ile namba ya herufi na tarakimu 17 kwenye kona ya kioo cha mbele, iweke kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali wa usalama barabarani, bure uone kama kuna matengenezo ya kurudishwa ambayo hayajafanyika, halafu NICB, shirika la kampuni za bima la kupambana na wizi, nao bure uone kama limeibwa au limeandikwa salvage na bima, yaani limeharibika vibaya. Ndipo ulipie ripoti ya historia ya gari ya Carfax au AutoCheck. Ripoti safi haimaanishi gari safi, ajali iliyotengenezwa uchochoroni haiandikwi popote.

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji ASIWASHE gari kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ameficha mlio wa kuwasha baridi, mwambie utarudi kesho.

Lala chini. Vaa koti la zamani, beba tochi na bisibisi. Majimbo ya theluji yanamwaga chumvi barabarani miezi mingi, na chumvi inakula chesisi kuanzia ndani kwenda nje. Tazama juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikio vya springi, na pale chesisi inapopinda, kwa sababu hapo matope yenye chumvi yanakaa. Gonga na mpini wa bisibisi, chuma kizima kinatoa mlio mkali, kilichooza kinatoa mlio mfu na vipande vinadondoka kama magamba. Ukikuta kumepakwa rangi nyeusi nzito mpya kabisa wakati bolti zake zimeoza, mtu amefunika kitu. Fuata paipu za breki kutoka mbele mpaka nyuma kwa vidole, zikiwa zimevimba na kutoa malengelenge ya kutu zitapasuka siku ukikanyaga kwa nguvu. Toyota walilipa fidia ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2016 yanayoweza kufika dola bilioni 3.4, kwa hiyo kutu ya chini haichagui jina. Mimi kwa Tundra ya zamani ningepanda ndege kwenda Texas au Arizona kuitafuta, tiketi ni rahisi kuliko chesisi.

Ukiwa huko chini soma historia ya kuvuta. Ndoano iliyochubuka na kung'aa, pini za plagi zilizokwaruzika, matundu ya bolti katikati ya bodi la nyuma ambako trela za shingo ndefu zinafungwa, hivyo vyote vinasema gari limefanya kazi nzito hata kama muuzaji anasema lilikuwa la kwenda kanisani. Sio sababu ya kukataa, ni sababu ya kushusha bei na kuangalia giaboksi vizuri.

Mafuriko. Baada ya kimbunga kama Harvey cha 2017 pale Houston, Ian cha 2022 Florida au Helene cha 2024, magari yaliyozama yanaoshwa na kupelekwa majimbo mengine. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, msitari wa matope unabaki kule chini ambako hakuna anayeosha. Angalia kutu kwenye reli za viti, nusa kapeti.

Nunua skana ndogo ya OBD ya kusoma kompyuta ya gari, dola 25 au 30, ichomeke chini ya usukani. Kukosa namba za makosa peke yake hakutoshi, angalia vile vipimo vya utayari, vikionyesha kwamba vingi havijakamilika maana yake mtu amefuta namba hizo asubuhi ile ile au juzi betri ilichomolewa, na taa ya injini itawaka wiki ijayo ukiwa umeshalipa. Endesha mjini na haiwei, dakika 30 angalau, giaboksi isishtuke, isitetemeke kwenye spidi 40 mpaka 60 ukiwa umekanyaga kidogo, washa 4x4 kwenye changarawe. Mwisho mlipe fundi asiyehusiana na muuzaji alinyanyue na kulikagua. Muuzaji akikataa gari kupelekwa kwa fundi, ondoka, hakuna mjadala.

Hatua ya 7: Hela

Kabla ya dila nenda kredit yuniani upate barua ya mkopo, ukifika una riba yako mkononi na dila anatakiwa aipige hiyo. Baadhi yao wanakopesha hata wenye ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na Social Security, uliza.

Ukiwa kwa dila usikubali mazungumzo ya "unaweza kulipa ngapi kwa mwezi". Hilo ndilo shimo. Mkopo wa dola 45,000 kwa riba ya asilimia 9, kwa miezi 60 unalipa kama 934 kwa mwezi, kwa miezi 84 unalipa kama 724, unaona afadhali, lakini riba yote kwa miezi 60 ni karibu 11,050 na kwa 84 ni karibu 15,800. Zaidi ya hapo, kwa miaka yote ya mwanzo gari linadaiwa zaidi ya thamani yake, likianguka au ukitaka kuliuza unalipa tofauti mfukoni. Ikiwa miezi 60 haiwezekani, nunua gari la bei ya chini.

Omba bei ya mwisho ya kutoka nalo, kwa maandishi, yenye kodi, namba na ada ya karatasi. Kisha soma mstari kwa mstari. Naitrojeni kwenye tairi, kinga ya rangi, kuchora VIN kwenye vioo, vyote hivyo unaweza kukataa. Chumba cha fainansi ndipo watu wanachoka, watoto wanalia, mtu anasaini chochote. Nenda na mtu anayesoma Kiingereza cha karatasi vizuri, na sahihi iwe siku ya pili.

Mambo mawili ambayo watu wetu wanadanganyana. La kwanza, hakuna sheria ya taifa inayokupa siku tatu za kurudisha gari ulilonunua kwenye yadi ya dila, ukisaini ni lako. La pili, karatasi ya Buyers Guide iliyobandikwa dirishani kwenye lililotumika ni ya kisheria, ikiwekwa tiki kwenye "As Is" hakuna waranti ya dila, hata kama muuzaji amekuapia kwa mdomo. Na usiondoke na gari kabla mkopo haujathibitishwa, kuna wanaopigiwa simu wiki moja baadaye kwamba benki imekataa na warudi kusaini riba kubwa zaidi.

Mafuta weka kwenye bajeti pia. Maili 15,000 kwa mwaka kwa gari la maili 18 kwa galoni ni galoni kama 833, zidisha na bei ya mtaani kwako.

Kwa wanaofikiria kulipeleka nyumbani baadaye, Kenya haiandikishi magari ya usukani wa kushoto ila kwa kazi maalumu chache, na hayatakiwi kuzidi miaka 8. Wa Congo, Rwanda na Burundi mnaendesha upande wa kulia kama huku, usukani hautasumbua, ila fikiria spea, F-150 ikikosa moduli moja ndogo Goma au Bujumbura inakaa mpaka iletwe.

Wiki za mwanzo baada ya kununua

Badilisha oili ya injini hata kama wamesema imebadilishwa juzi, usingojee maili 10,000 za kitabu, kwa injini za turbo na za kuzima silinda 5,000 ndiyo sahihi. Oili ya difu na ya giaboksi uliza historia, isipojulikana badilisha. Andikisha jina lako kwa mtengenezaji ili barua za kurudishwa zije kwako, zisiende kwa mwenye gari wa zamani. Ukifunga trela ya kwanza, pakia kama utakavyopakia siku ya kazi, nenda kwenye mizani ya CAT kwenye kituo cha malori, unapata karatasi yenye uzito wa kila ekseli, ulinganishe na GAWR. Ikizidi nyuma, hamisha vifaa vizito kutoka nyuma ya pikapu viwe ndani ya trela juu ya ekseli zake, pima tena, na ukishapata mpangilio unaokubali upige picha ili kijana wako wa kazi apakie vile vile.